Mume wangu amenyamaza kwangu, anazungumza na mbwa

Shikamoo Somo,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Muheza. Mume wangu alikuwa dereva wa lori njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na kwa miaka 11 hakuwahi kukwaruza hata gari la mtu. Miezi 14 iliyopita, akiteremka mlima Kitonga na shehena ya mbolea, breki zilikataa. Yeye alitoka na mfupa wa bega umevunjika. Utingo wake, kijana wa miaka 22 ambaye kila waliporudi safari alikula kwetu, alifia pale pale. Tajiri aligharamia jeneza na kusafirisha maiti, baada ya hapo akawa hapokei simu.

Bega lilipona. Mwenyewe hakupona. Nyumba yetu iko karibu na barabara kuu, na usiku lori likipiga honi au likitoa ule upepo wa breki, anaruka kitandani na kushika ukuta. Udereva ameacha, anahangaika na shamba la michungwa aliloachiwa na baba yake. Msikitini anakwenda Ijumaa tu. Nikimuuliza kilichotokea Kitonga ananijibu, "Yameshapita, Mama Nasra," halafu anatoka nje.

Miezi mitano sasa, alirudi kutoka sokoni na kitoto cha mbwa ndani ya gunia, mguu mmoja umevunjika. Alimfunga mguu kwa vijiti na vipande vya kanga yangu ya zamani, akawa anamnywesha uji kwa kijiko. Tangu hapo anaamka alfajiri, anatembea naye shambani, anakula chakula akamaliza. Usingizi umeanza kurudi, ila analala barazani, mbwa miguuni pake.

Nilipaswa kushukuru, lakini nyumba imewaka moto. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, hataki kumwona mbwa. Anasema hii ni nyumba ya Waislamu, mbwa ni najisi. Zaidi ya hilo, mume wangu amempa mbwa jina la Tingo, na ndivyo alivyokuwa akimwita marehemu. Mama alipolisikia alikwenda kwa mganga, akaambiwa kivuli cha marehemu kimemwingia mbwa, na mwanawe hatapona mpaka mbwa afe. Wiki iliyopita nimekuta amenunua sumu ya panya. Shemeji yangu wa Dar naye amesoma kwenye simu kwamba Wazungu wanatibiwa na mbwa. Anasema huyu koko tumtupe, yuko mtu anauza mbwa wa tiba mwenye cheti kwa shilingi 1,200,000.

Na mimi nina langu, naona haya kulisema. Juzi usiku nilitoka kwenda msalani nikamsikia mume wangu barazani. Alikuwa ameegemea ukuta, mkono uko shingoni mwa mbwa, anamsimulia polepole: "Nilimwambia ruka. Akaniuliza, na wewe je?" Nilisimama gizani hadi miguu ikafa ganzi. Miezi 14 niko naye nyumba moja sijaambiwa hata robo ya maneno hayo. Nililia, Somo, na sijui kama ni huruma au ni wivu. Huyo mbwa ana nini ambacho mimi sina? Hii ni tiba, au ndiyo wazimu unaanza? Nimwondoe ili nyumba itulie?

Mama Nasra, Muheza

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla hujafika mwisho wa jibu langu, inuka ukaitoe hiyo sumu ya panya. Itoe kabisa nyumbani, usiifiche juu ya kabati, maana una watoto wadogo na una mtu mwenye majonzi mazito chini ya paa moja. Na mbwa huyo akiuawa, mumeo atakuwa amewazika akina Tingo wawili. Huyu wa pili alimfunga mguu mwenyewe na akamwona akisimama. Mimi sitaki hata kufikiria atarudi vipi kutoka hapo.

Sasa nikujibu swali lako la haya, maana nadhani ndilo lililokufanya ushike kalamu.

Umeuliza mbwa ana nini ambacho wewe huna. Hana cha kukuzidi. Amekupungukia mambo kadhaa, na kwa mumeo hayo mapungufu ndiyo nafuu. Mbwa hamjui marehemu. Hakumpikia. Hataangua kilio katikati ya habari, hataomba aelezwe tena vizuri, hatamtazama kesho asubuhi kwa jicho la mtu aliyekwisha kujua. Wewe ulimpakulia kijana yule chakula kwa mkono wako, na nahisi mumeo kila akikaa mkekani anaiona sahani yake. Akikusimulia, atabeba machozi yako juu ya yake, na kwa sasa hana nguvu hiyo.

Halafu uyasikilize tena yale maneno uliyoyasikia gizani. Kijana aliambiwa aruke, akauliza, "Na wewe je?" Aliuliza kwa sababu alimpenda dereva wake, na huenda kuuliza huko ndiko kulikomchelewesha. Mumeo amelala na swali hilo usiku wa zaidi ya mwaka mzima. Si jambo ambalo mwanamume analianza kwa mkewe. Analianzia mahali ambapo likimshinda katikati hakuna atakayemshuhudia. Kwa hiyo alichokuwa akifanya barazani juzi, kwa maoni yangu, ni mazoezi. Anajaribu kuona kama maneno hayo yanaweza kutoka mdomoni na yeye bado akabaki mzima.

Hilo silisemi kukufariji tu. Mtaalamu wa saikolojia ya watoto huko New York, Boris Levinson, aliliona jambo la namna hii kwa macho yake na akaliandika mwaka 1962. Aliletewa mtoto aliyejifungia asiwe na mawasiliano na watu. Siku hiyo wazazi walifika mapema kuliko saa waliyopangiwa, wakamkuta mbwa wa daktari, aitwaye Jingles, bado yumo chumbani. Mbwa akamkimbilia mtoto akamlamba, na mtoto akamkumbatia. Alipoulizwa kama angependa kurudi, akataka kurudi kwa ajili ya mbwa. Vikao kadhaa alicheza na Jingles huku daktari amekaa pembeni kama hayupo. Baadaye, taratibu, mtoto akamruhusu na daktari aingie mchezoni. Levinson alipowaeleza wataalamu wenzake, wako waliomcheka. Leo kazi yake inatajwa kila inapozungumzwa tiba ya kutumia wanyama.

Nakuomba ukae na picha hiyo: daktari yumo chumbani, hajihimizi, hamwonei mbwa wivu, anangoja kualikwa. Ndiyo nafasi yako kwa sasa.

Je, ni wazimu? Hapana. Kwa ulivyoeleza, kuruka kwa honi, kukosa usingizi, kukwepa kuitaja siku ile, naona dalili za kiwewe, ingawa mwenye kuthibitisha ni daktari. Mwili wake umebaki Kitonga. Masikio bado yanasubiri breki zikatae. Mtu wa namna hiyo hawezi kufumba macho kwa sababu anajiona yeye ndiye mlinzi, akilala hakuna anayeangalia. Mbwa akilala miguuni, masikio yale mawili yanashika zamu. Ndiyo maana usingizi umerudi barazani na haujarudi chumbani, usiufasiri kuwa anakukimbia wewe.

Na mwili wenyewe hubadilika mtu anapomgusa mnyama. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, wanafunzi 249 walipimwa, utafiti ukatolewa mwaka 2019: waliokaa dakika 10 wakiwapapasa mbwa na paka walionekana kuwa na kortisoli kidogo zaidi, ile homoni ya msongo, kuliko waliokaa wakitazama wenzao wakipapasa au waliooneshwa picha tu. Kumbe mkono juu ya manyoya ndiyo wenye kazi. Wajapani nao mwaka 2015 walionyesha kwamba mbwa na mwenye mbwa wakitazamana machoni kwa muda, wote wawili hupanda homoni ya oksitosini, hiyo hiyo inayohusika na mapenzi ya mama na mtoto anayenyonya.

Nimeliona na mimi, bila vipimo. Mama yangu, Mungu amrehemu, alipofiwa na baba alimaliza eda na bado hakutaka kutoka chumbani. Tulimbembeleza, tukamletea wageni, tukachoka. Paka mmoja wa mtaani aliingia akazaa chini ya kitanda chake, vitoto vinne. Siku ya tatu nikamkuta mama amekaa kitako sakafuni anamimina maziwa kwenye kifuniko cha sufuria, anawagombeza wanaosukumana. Hakuwa amepona. Lakini alikuwa na kitu kinachomtaka aamke, na sisi watoto wake wazima hatukuwa tukimtaka kitu, tulikuwa tukimhurumia tu. Nahisi mumeo naye, alipolifungua lile gunia, aliona kiumbe ambacho kilikuwa bado kinawahi kuokolewa.

Sasa usidhani haya ni mambo ya Wazungu peke yao kama shemeji yako anavyodhani. Nenda Gulu, kaskazini mwa Uganda. Watu wa huko walipita takriban miaka 20 ya vita vya waasi wa Lord's Resistance Army ya Joseph Kony, watoto wakatekwa, wengine wakalazimishwa kuua. Vita vilipoondoka, usiku haukuondoka. Kuna mtu anaitwa Francis Okello Oloya, alipoteza macho akiwa na miaka 12, jembe lilipogonga bomu lililofukiwa shambani kwao. Shule ya bweni ilimwia ngumu, na mojawapo ya shida ilikuwa kwenda chooni usiku bila kuona njia. Mbwa wa pale walimzoea, wakawa wanamsindikiza. Alipokuwa mtu mzima alikumbuka, akaanzisha mradi wa The Comfort Dog Project chini ya shirika la The Big Fix Uganda. Wanachukua mbwa wasio na mwenyewe, koko kama huyo wako, wanawachanja, wanawafunga uzazi, halafu wanawaunganisha na watu waliobaki na kiwewe cha vita. Mtu anajifunza kumlisha, kumwogesha, kumfundisha, na anakutana na wenzake wenye mbwa kama yeye. Huko nako mbwa alijulikana kuwa wa kulinda na kuwinda, mtu kutembea naye kama rafiki lilikuwa jambo la kushangaza. Ila walioamka usiku wakipiga kelele wakaanza kupata mahali pa kuweka mkono wakiamka.

Basi mwambie shemeji yako abaki na milioni yake. Ni kweli wapo mbwa wanaofunzwa kazi mahsusi, kwa mfano kumwamsha askari mstaafu anapoota ndoto mbaya, na mafunzo hayo huchukua muda mrefu na mtaalamu anayejulikana. Cheti cha mtu wa kwenye simu hakikupi hilo. Na hata angekuwa mbwa wa kweli, mumeo hakuchagua mbwa wa duka. Alichagua aliyevunjika mguu.

Nije kwa mama mkwe. Mtendee kwa heshima sana, mwanangu, maana huyu ni mama anayemwona mwanawe anazama na ameshika kamba ya kwanza aliyotupiwa. Mimi si sheikhe. Ninachokijua ni kile tulichofundishwa sote chuoni: kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu wengi wa pwani, mate ya mbwa na mwili wake ukiwa majimaji ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini tulifundishwa vilevile kwamba mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa shamba ameruhusiwa. Nyinyi mna shamba la michungwa, na Muheza nzima inajua wezi wa machungwa wanavyokuja usiku. Na nani asiyeikumbuka hadithi ya yule mtu aliyeteremka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake?

Kwa hiyo usibishane naye wewe. Mtafuteni sheikhe ambaye mama mwenyewe anamheshimu, akae naye, amweleze hukumu ya mbwa wa shamba, na amweleze pia hukumu ya kumtilia sumu mnyama ambaye hakumkosea kitu. Na nyinyi mrahisishe. Mbwa asiingie ndani, ajengewe banda shambani au mwisho wa ua. Awe na chombo chake ambacho hakichanganywi na vya jikoni. Mumeo awe na nguo za mbwa, akitaka kuswali abadili na kuosha panapohitaji kuoshwa. Nina hakika mama akiona kanzu ya mwanawe iko safi na mwanawe anakula, moyo utalegea. Mwambie hilo la kula. Mwambie, "Mama, jana amemaliza sahani."

Kuhusu jina, mimi ningeliacha. Mganga amekutana na mwanamume anayeita jina la marehemu akaona kivuli. Mimi naona mtu aliyepata njia ya kulitamka jina hilo kila siku bila kuanguka. Akilichoka, atalibadili mwenyewe.

Lakini, Mama Nasra, na hapa nakusihi, usimwachie mbwa kazi yote. Marekani wamefuatilia askari wastaafu 156 wenye kiwewe, wengine wakapewa mbwa waliofunzwa, wengine wakabaki kwenye foleni. Baada ya miezi mitatu wenye mbwa walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliokuwa wanangoja. Ila wote waliendelea na matibabu yao ya kawaida, na dalili zilipungua, hazikufutika. Mumeo anahitaji mtu wa kumsikiliza aliyesomea. Nendeni hospitali ya wilaya, muulize kitengo cha afya ya akili au ofisa ustawi wa jamii. Na kama watawapa rufaa, mkoani kwenu kuna hospitali ya afya ya akili ya Lutindi, huko milimani Korogwe, ambako kwa miaka mingi wagonjwa wamekuwa wakifanya kazi za shamba na za mikono kama sehemu ya tiba. Mtu anayependa shamba hatajiona kafungwa.

Usimwambie "wewe ni mgonjwa wa akili twende." Mwambie usingizi haujatengemaa na ungependa daktari ausikilize. Hilo ni kweli, na mwanamume hulikubali kwa wepesi zaidi. Lakini siku yoyote akianza kusema heri angekufa yeye, au akiwa anagawa vitu vyake, au anaaga bila safari, usingoje miadi. Mpeleke siku hiyo hiyo na asibaki peke yake.

La mwisho ni afya ya mbwa, nalo usilipuuze, maana hukuniambia kama amechanjwa. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 1,500 kila mwaka hapa Tanzania, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Nendeni kwa ofisa mifugo wiki hii hii achanjwe, kisha kila mwaka. Baadhi ya halmashauri huchanja bure karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ila wewe usiisubiri. Apewe na dawa ya minyoo. Watoto wasilambwe uso, wanawe mikono kwa sabuni baada ya kumshika, na wasimsogelee akiwa anakula. Akimng'ata mtu yeyote, hata kwa mchezo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha moja kwa moja hospitali mkapate chanjo. Mumeo ndiye ampeleke mbwa kwa ofisa mifugo. Kupanga foleni, kuulizwa jina la mbwa, kujibu, hayo yote kwake ni hatua.

Na yale uliyoyasikia usiku usimtajie. Yahifadhi mpaka ayalete mwenyewe. Kesho jioni akiwa amekaa chini ya mchungwa na Tingo wake, nenda na vikombe viwili vya chai na ukoko wa wali kwa ajili ya mbwa. Kaa. Muulize mguu wa mbwa unaendeleaje, akikujibu msikilize mpaka amalize, akinyamaza mnywe chai yenu. Keshokutwa nenda tena.

Niandikie mkishatoka kwa daktari.

Wako, Somo